Shahada ya Uzamili katika Uongozi wa Taasisi: Tathmini ya Aliyeisoma Akiwa Kazini

Wanaoniuliza kuhusu shahada ya uzamili katika uongozi wa taasisi huwa na swali moja lililojificha chini ya mengine yote: je, uongozi unafundishika darasani? Programu hiyo nimeimaliza nikiwa kazini, nikiongoza idara yenye watu wa kada mbalimbali, na kwa uzoefu huo naona swali lenyewe limekaa vibaya. Kinachofundishika, na ambacho programu nzuri hukifundisha kweli, ni namna ya kuitazama taasisi ukiwa ndani yake bila kupofushwa na cheo chako, na namna ya kupima madai yanayotolewa kila siku kuhusu viongozi. Programu inayotimiza hayo mawili inastahili muda na ada yake. Isiyoyatimiza humwachia mhitimu orodha ndefu ya nadharia na cheti chenye mhuri. Chuo nilichosoma sitakitaja, kwa kuwa sehemu ya ninayoyaandika ni lawama, na pia kwa sababu programu za aina hii zinafanana kimuundo kiasi kwamba mwombaji atayakuta mengi ya haya popote atakapojisajili.

Katika vyuo vingi mwanafunzi husoma masomo ya lazima yanayohusu nadharia za uongozi, tabia za watu katika taasisi, usimamizi wa mabadiliko, maadili na mbinu za utafiti, kisha masomo machache ya kuchagua, na mwishoni huandika tasnifu au hufanya mradi mahali pake pa kazi. Anayetarajia uhasibu, masoko na usimamizi wa fedha atafute shahada ya uzamili katika usimamizi wa biashara, kwani hapa mizizi iko katika saikolojia na sosholojia, na mtu anaweza kuhitimu bila kuwahi kusoma mizania hata moja. Vipeperushi vya kujitangaza husema kwamba masomo yanaendana na ratiba ya mtu mwenye kazi, lakini hesabu inasema vingine. Katika mfumo wa Uingereza, kwa mfano, shahada ya uzamili ina krediti 180, na kila krediti huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, yaani saa 1,800 kwa jumla. Ukizigawa kwa miaka miwili ya masomo ya muda unapata takribani saa 17 kila wiki, bila kupumzika hata wiki moja. Mwenye kazi ya kutwa na familia azitafute saa hizo katika ratiba yake kabla ya kulipa ada ya kwanza.

Somo la nadharia za uongozi ndilo linalobeba jina la programu, nalo ndilo lililonivunja moyo zaidi. Kila wiki tulipewa nadharia moja: majaribio ya mwaka 1939 ya Kurt Lewin, Ronald Lippitt na Ralph White, waliolinganisha vikundi vya wavulana vilivyoongozwa kimabavu, kidemokrasia na kwa kuachiwa huru, kisha tafiti za Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, zilizotenganisha kuwajali watu na kuipanga kazi, kisha Fred Fiedler na hoja yake ya miaka ya 1960 kwamba mtindo wa kiongozi hufaa au haufai kulingana na hali iliyopo, kisha uongozi wa mageuzi, yaani wa kuwahamasisha wafuasi watazame mbali kuliko maslahi yao binafsi, uliofafanuliwa na James MacGregor Burns mwaka 1978 kwa mifano ya siasa, na kuhamishiwa katika taasisi na Bernard Bass mwaka 1985. Hakuna ubaya katika kuyajua haya, na msomi wa fani asiyeyajua atachekwa. Ubaya ni kwamba yalipangwa kama watu kwenye foleni, kila mmoja akimpisha wa nyuma yake, bila mtu kuuliza ipi imethibitika, ipi imetiliwa shaka, na ipi inaendelea kuishi kwa sababu tu inauzika.

Mfano wa wazi ni modeli ya uongozi kulingana na hali iliyotolewa na Paul Hersey na Ken Blanchard mwaka 1969, ambayo humtaka kiongozi abadilishe mtindo kadiri walio chini yake wanavyokomaa katika kazi. Modeli hiyo inapendwa mno katika mafunzo ya mameneja na mchoro wake haumtoki mtu kichwani, lakini watafiti walioipima wamepata ushahidi hafifu, hasa inapohusu wafanyakazi wenye uzoefu. Sisi tulichorewa mchoro, tukafanya zoezi la vikundi, tukaendelea na wiki iliyofuata. Kwa upande mwingine, kazi ya James Meindl, Sanford Ehrlich na Janet Dukerich ya mwaka 1985, iliyoonyesha jinsi watu wanavyoelekea kumbebesha kiongozi sifa au lawama za matokeo ya taasisi, hasa matokeo yanapokuwa mazuri mno au mabaya mno, iliwekwa katika orodha ya maandiko ya ziada ambayo wengi hawakuyafungua. Ingekuwa juu yangu, ningeiweka wiki ya kwanza, kwa sababu inamlazimu mwanafunzi aulize kama kitu alichokuja kukisomea kina nguvu zote anazodhani kinazo.

Somo la utamaduni wa taasisi lilifidia hasara hiyo. Lilijengwa juu ya kazi ya Edgar Schein, anayeutazama utamaduni kwa tabaka tatu: yanayoonekana na kusikika, maadili yanayotangazwa, na dhana za msingi ambazo watu hawazisemi kwa sababu hawajui hata kwamba wanazo. Maelezo ya tabaka hizo yanapatikana katika kitabu chochote cha kiada, na nusu saa inatosha kuyaelewa. Kilicholipa somo hili thamani yake ni kazi iliyoambatana nalo: kila mmoja wetu aliandika daftari la vikao vya mahali pake pa kazi kwa muhula mzima, akirekodi nani huanza kusema, nani hukatizwa, jambo gani huzungumzwa lakini halionekani katika muhtasari, na ukimya huangukia wapi.

Daftari langu lilinionyesha jambo ambalo mazoea yalikuwa yameshalificha. Kikao cha idara kilianza na kufungua, kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo, taarifa za vitengo, kisha Mengineyo. Na karibu kila kasoro ya kweli, kuanzia mashine iliyoharibika hadi mzabuni aliyeleta vifaa pungufu, iliibuliwa kwenye Mengineyo, watu wakiwa wameshafunga madaftari na mwenyekiti akitazama saa. Niliandika kurasa kadhaa nikieleza kwamba huo ulikuwa woga wa watumishi wa ngazi ya chini mbele ya wakubwa. Mhadhiri aliipigia mstari sentensi hiyo na kuandika pembeni: "Ajenda inaandikwa na nani?" Nilipofuatilia, nikakuta inanakiliwa na karani kutoka kikao cha mwezi uliotangulia, tarehe ikibadilishwa, na wala hapakuwa na mtu aliyewahi kumpelekea ajenda mpya. Suala jipya halikuwa na mlango mwingine wa kuingilia. Pengine woga ulikuwepo, lakini utaratibu nao ulikuwa na sehemu yake, na utaratibu unaweza kubadilishwa Jumatatu asubuhi kwa kumwambia karani akusanye ajenda siku chache kabla ya kikao.

Maneno manne ya pembeni mwa karatasi yalinifaa kuliko wiki kadhaa za mihadhara, na hapo ndipo ninapoiwekea programu hii alama zake. Thamani yake iko katika masahihisho ya kazi unayoiandika kuhusu mahali unapofanya kazi. Bahati mbaya, masahihisho ya namna ile niliyapata kwa wahadhiri wachache tu. Wengine walirudisha kazi ikiwa na alama, neno "vizuri", na agizo la kurekebisha mpangilio wa marejeo.

Kufundisha kwa visa, mbinu iliyoenezwa na Shule ya Biashara ya Harvard tangu miaka ya 1920, nako hutegemea sana nani ameshika chaki. Tulipitia kisa cha chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kilichosambaratika tarehe 28 Januari 1986, sekunde 73 baada ya kuruka, na kuwaua wote 7 waliokuwamo. Jioni iliyotangulia, wahandisi wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi za kukisukuma, walishauri kisirushwe kwa sababu ya baridi, wakihofia mipira inayoziba maungio ya roketi hizo. Baada ya majadiliano ya simu na NASA, shirika la anga la Marekani, uongozi wa kampuni ulijitenga kwa muda, ukaugeuza ushauri huo na kuridhia safari. Mhadhiri mvivu hukifunga kisa hiki kwa kusema kwamba wahandisi wangekuwa jasiri zaidi, jambo ambalo ni kuwaonea, maana walisema na walisikika. Wetu alituonyesha mahali ambapo mzigo wa uthibitisho uligeuka: kwa kawaida anayetaka kurusha ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba ni salama, lakini jioni ile wahandisi walijikuta wakidaiwa wathibitishe kwamba si salama, ilhali takwimu walizokuwa nazo za safari za wakati wa baridi zilikuwa chache. Kisha akatuagiza tutafute uamuzi katika taasisi zetu ambamo mzigo umekaa upande usio wake. Mwenzetu mmoja, muuguzi, alieleza kwamba wodini kwake anayetaka mgonjwa abaki siku moja zaidi ndiye anayedaiwa sababu za maandishi, na anayetaka kumruhusu hadaiwi chochote. Darasa lilikaa na mfano huo hadi muda ukaisha.

Kisa hicho kiliunganishwa na utafiti wa Amy Edmondson kuhusu makosa ya utoaji dawa hospitalini. Alichokikuta, kinyume cha alivyotarajia, ni kwamba timu zenye uongozi na mahusiano bora ndizo zilizoonekana kuwa na makosa mengi zaidi, na maelezo yenye mashiko yakawa kwamba katika timu hizo makosa yalikuwa yakisemwa. Mwaka 1999 alichapisha utafiti kuhusu usalama wa kisaikolojia katika timu, yaani watu kuamini kwamba wanaweza kusema kosa au shaka bila kuadhibiwa wala kudharauliwa, na tangu hapo dhana hiyo imeenea hadi kwenye semina za siku moja. Kiongozi anayesoma ripoti ya makosa yaliyopungua akafurahi bila kuuliza kama yamepungua makosa au yamepungua maneno, huyo ndiye somo hili linamlenga.

Mbinu za utafiti huogopwa na wengi, na wapo waliolisoma somo hilo ili walipite tu. Kwa maoni yangu ndilo lililostahili jina la programu. Humo ndimo tulimoambiwa waziwazi kwamba sehemu kubwa ya tafiti za uongozi hutegemea hojaji zinazojazwa na mtu yuleyule kwa wakati uleule, akimpima kiongozi wake na papo hapo akijipima yeye mwenyewe jinsi anavyoridhika na kazi. Mtu mwenye furaha hupandisha alama zote mbili, na mtafiti asiye mwangalifu hudhani ameona nguvu ya uongozi. Humo pia tulisoma uchambuzi wa mwaka 1996 wa Avraham Kluger na Angelo DeNisi, waliokusanya matokeo ya tafiti nyingi kuhusu mrejesho wa utendaji na kukuta kwamba kwa wastani mrejesho husaidia, lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo hayo ulishusha utendaji. Mtu akishakutana na matokeo kama hayo, hawezi tena kuketi kwenye warsha ya mshauri wa menejimenti na kuitikia kila kitu.

Cha kushangaza, programu yenyewe haikuyazingatia matokeo hayo. Katika somo la kujitambua, kila mwanafunzi alitakiwa kutathminiwa na mkuu wake, wenzake wa ngazi moja na walio chini yake, kisha akapokea ripoti ya michoro ya rangi iliyotumwa kwa baruapepe bila mtu wa kukaa naye kuijadili. Tuliahidiwa kwamba watoa maoni hawatajulikana. Katika idara ndogo ahadi hiyo haina uzito: mtu aliyefanya kazi nawe kwa miaka unamtambua kwa anavyoweka koma, na baadhi ya wanafunzi walirudi kazini wakiwa wameshajua nani aliandika nini. Ni chombo chenye madhara kikitolewa bila msaidizi aliyefunzwa, na kwa hili chuo changu nakipa alama ya chini kabisa. Kipimo cha haiba cha herufi nne, kinachowagawa watu wote katika makundi 16, nacho tulifanyishwa bila kuambiwa kwamba watu wengi wakikirudia baada ya wiki chache hujikuta katika kundi jingine. Katika ngazi ya uzamili chombo hicho kiletwe darasani ili kihojiwe, au kiachwe.

Lawama nyingine ndogo ni kwamba nadharia nyingi zilizofundishwa zimezaliwa Marekani na kupimwa kwa Wamarekani. Mradi wa GLOBE, ulioanzishwa na Robert House na kuchapisha matokeo yake makubwa mwaka 2004 kutoka jamii 62, ulionyesha kwamba baadhi ya sifa za kiongozi, kama uaminifu, huthaminiwa karibu kila mahali, na nyingine hupokewa tofauti kabisa kutoka jamii moja hadi nyingine. Ulitajwa kwa mhadhara mmoja.

Kuhusu kusoma kwa masafa au ana kwa ana, sina msimamo mkali. Elimu ya masafa inafaa kwa nadharia na kwa mbinu za utafiti, ambako mtu huhitaji kurudia maelezo mara nyingi, lakini mjadala wa maandishi unaohesabiwa alama ni upotevu wa muda. Kila mwanafunzi alidaiwa kuchangia mara moja na kuwajibu wenzake wawili, hivyo kila wiki ukurasa ulijaa "nakubaliana na mchango wako mzuri", na mhadhiri akahesabu. Majadiliano ya ana kwa ana yana faida ambayo sikuiona kwenye skrini: unakaa na mwalimu mkuu, afisa wa benki, askari na muuguzi, na ndani ya dakika chache mtu wa fani nyingine anakuuliza kwa nini mnafanya hivyo huko kwenu, swali ambalo mwenzako wa ofisini hawezi kulifikiria. Programu yenye hata vipindi vichache vya kukutana ni bora kuliko isiyo navyo.

Tasnifu ndipo pazuri na pagumu zaidi. Wengi huchagua kuitafiti taasisi wanayoifanyia kazi, kwa kuwa data iko karibu na mada inawagusa, kisha hukutana na kamati ya maadili ya utafiti na swali lake la haki: mtumishi aliye chini yako anawezaje kukataa mahojiano yako? Ridhaa inayotolewa kwa bosi haiwezi kuitwa ridhaa huru hata ikitiwa sahihi. Suluhisho zinazokubalika ni kumtumia mtu mwingine kufanya mahojiano na kuondoa majina kabla hujayaona, kutafiti idara usiyo na mamlaka juu yake, au kutumia nyaraka zilizokwisha kuwepo, kama mihtasari na taarifa za mwaka. Msimamizi mzuri atakuambia haya kabla hujaandika pendekezo; aliyelemewa na wanafunzi atakuacha uyagundue kwenye barua ya kamati, na muhula utakuwa umeshapotea. Kwa hiyo, kabla ya kujisajili, mwombaji aulize msimamizi mmoja hushika wanafunzi wangapi kwa wakati mmoja, na aombe kwa mhitimu yeyote kuona kazi moja iliyosahihishwa, asome yaliyoandikwa pembeni. Chuo kisichoweza kujibu swali la kwanza kimeshajibu.

Programu hii naipendekeza kwa mtu ambaye tayari ana watu anaowaongoza au mradi anaousimamia, kwa sababu kazi zote zenye faida zinadai mahali halisi pa kuchunguza. Aliyetoka shahada ya kwanza moja kwa moja atasoma mambo yaleyale kama hadithi za watu wengine, na ningemshauri afanye kazi kwanza. Anayetafuta cheo asome muundo wa utumishi wa mwajiri wake kabla ya kusoma mtaala wa chuo, maana wapo waajiri wanaoitambua shahada yoyote ya uzamili na wapo wanaotaka iwe ya fani mahususi, na hakuna mhadhiri atakayebadilisha hilo.

Limebaki suala la anayelipiwa na mwajiri. Mikataba ya ufadhili kwa kawaida humfunga mtumishi abaki kazini kwa kipindi fulani baada ya kuhitimu, na hilo watu hulisoma. Wasichokisoma, kwa sababu mara nyingi hakimo, ni haki ya mwajiri juu ya tasnifu. Mwanafunzi anayechunguza kwa nini taarifa mbaya hazifiki juu atakuta majibu yasiyowapendeza walio juu, na huenda walio juu ndio waliolipa ada. Vyuo vingi huruhusu tasnifu izuiwe isisomwe na umma kwa muda maalumu endapo ina taarifa nyeti, lakini ombi hilo hutakiwa kupelekwa mapema pamoja na sababu. Makubaliano kuhusu nani ataisoma rasimu, nani anaweza kudai jina la taasisi lifichwe, na kwamba hakuna atakayebadilisha matokeo, yaandikwe na kutiwa sahihi na pande zote mbili kabla ya mahojiano ya kwanza, na nakala ibaki kwa msimamizi.